Juu ya picha za kutembezwa



Katika nyumba yetu palitokea maneno juu ya picha moja. Ndugu mmoja alirudi kutoka likizo huko Lubumbashi akiwa na picha chini ya kwapa. Imechorwa kwa rangi za duka juu ya kitambaa cha mfuko wa unga. Ndani yake mtu amelazwa chini, na askari mweusi anamchapa fimbo. Kando yake Mzungu mwenye kofia amesimama na kiko mdomoni, anatazama. Juu ya yote bendera ya Wabelji inapepea. Wazee wa Katanga wanaijua picha ya namna hiyo. Ndiyo ile inayoitwa Colonie belge.

Ndugu yetu aliinunua kwa mama mjane aliyekuwa akihama nyumba. Mume wake alifanya kazi miaka mingi kwenye mgodi, na picha ilitundikwa ukutani kwao tangu miaka ya 1970. Basi ndugu akaomba ruhusa tuitundike katika chumba chetu cha mazungumzo. Ndipo ndugu wa pili akasema: «Hii si kazi ya sanaa, ni kitu cha soko. Aliyeichora alichora nyingine kumi sawasawa nayo, akazitembeza mlango kwa mlango. Mezali yasema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.» Wengine walicheka, wengine walikasirika, na picha ikabaki imeegemea ukuta chini ya dirisha, haijatundikwa wala haijatupwa.

Sisi tunaoandika kurasa hizi tuliona kwamba neno la ndugu wa pili si neno la kucheka tu. Ni neno zito, na watu wengi wenye masomo wanalisema. Linasema kwamba sanaa na biashara haziwezi kulala chini ya dari moja. Kwamba kitu kilichofanywa ili kiuzwe kwa watu wengi, kwa bei ndogo, hakistahili kuangaliwa kwa akili. Kama neno hilo ni kweli, basi sehemu kubwa ya kazi ya mikono ya watu wa Katanga katika karne iliyopita ni takataka. Kama si kweli, sherti tuseme kwa nini. Ndiyo kazi tunayotaka kuifanya hapa.

Kwanza tuulize, neno hilo limetoka wapi? Halikutoka kwa wazee wetu. Fundi aliyechonga kiti cha mfalme alipokea malipo yake, wala hakuna mtu aliyesema kwamba malipo yameharibu kiti. Halikutoka hata kwa mafundi wakubwa wa Bulaya. Albrecht Dürer wa Nürnberg alichapisha picha zake juu ya karatasi, na mke wake Agnes akazipeleka kuziuza kwenye soko kuu la Frankfurt. Rubens wa Antwerpen, ambaye picha zake zimewekwa juu ya altare za makanisa, alikuwa na atelie yenye wasaidizi wengi. Mwaka 1618 alimwandikia mnunuzi Mwingereza orodha ya picha pamoja na bei, akionyesha wazi ni zipi alizichora kwa mkono wake mwenyewe na ni zipi zilizoanzwa na wanafunzi wake. Watu hawa walijua kuuza, tena walijua kurudia. Basi tusimlaumu mchoraji wa Lubumbashi kwa kosa ambalo tunamsamehe Rubens.

Lakini hatutaki kumaliza maneno upesi namna hiyo. Kusema kwamba wengine pia waliuza si kuonyesha kwamba kuuza ni kuzuri. Tunazani swali la kweli ni hili: picha iliuzwa kwa nani, na ilikwenda kufanya kazi gani katika nyumba ya yule aliyeinunua? Ili kulijibu, tutazame inchi yetu wenyewe, kwani huko Katanga picha ziliuzwa kwa njia tatu mbalimbali, na kila njia ilizaa matunda yake.

Njia ya kwanza ilianza Bukama, mwaka 1926. Georges Thiry, Mbelji mmoja wa kazi ya serikali, aliona nyumba zilizochorwa ukutani. Akamtafuta mchoraji, akamkuta Albert Lubaki, mchongaji wa pembe za ndovu. Akampa karatasi na rangi za maji, kusudi picha zisiharibike na mvua pamoja na udongo wa kuta. Karatasi hizo zilisafiri mpaka Bruxelles, na mwaka 1929 zikaonyeshwa katika Palais des Beaux-Arts. Watu wa Bulaya walisifu wanyama wake, watu wake na miti yake iliyosimama peke yake katika karatasi nyeupe. Tunazisifu nasi. Lakini tazameni jambo lililotokea: ukuta wa nyumba ulikuwa wa wote, kila mpita njia aliutazama na kusema neno lake; karatasi ilikuwa ya yule aliyeipeleka mbali. Mchoraji hakujua nani anaitazama, na mtazamaji hakujua mchoraji anakula nini. Baada ya miaka michache njia ile ilifungwa, karatasi hazikuletwa tena, na habari za Lubaki zikapotea. Mnunuzi alikuwa mbali sana. Alipogeuka upande mwingine, kazi yote ilikufa.

Njia ya pili ni ile ya Hangar. Mwaka 1946, huko Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua atelie yake. Wachoraji wake wa kwanza wanajulikana mpaka leo: Bela, aliyechora kwa vidole bila burashi, Pilipili Mulongoy, mwenye samaki na ndege wake na madoadoa yanayojaza maji na majani, Mwenze Kibwanga, anayejaza picha kwa vistari vifupi kama mtu anayesuka mkeka. Bwana Romain-Desfossés hakutaka waige shule za Bulaya. Alitaka kila mmoja atafute njia ndani yake mwenyewe, na katika hilo aliwatendea heshima kuliko walimu wengi wa siku zile. Alipokufa mwaka 1954, watu wake waliingia katika Akademia iliyoanzishwa na Laurent Moonens katika mji uleule.

Picha za Hangar ni nzuri, hatuna ubishi. Hata hivyo wanunuzi wake walikuwa hasa Wazungu, na Wazungu wale walitaka Afrika ya namna fulani: msitu, swala, nyoka, mto wenye samaki, mwindaji mwenye upinde. Mji wenyewe hauonekani. Elisabethville ilikuwa na bomba la moshi refu kuliko miti yote, ilikuwa na njia za reli, kambi za wafanyakazi, gereza na fimbo. Hayo hayakuingia katika madoadoa ya Pilipili. Hatusemi kwamba alilazimishwa. Pengine alipenda samaki zaidi ya reli, na ni haki yake. Tunasema tu kwamba mnunuzi, hata akiwa na heshima, hata akinyamaza, ana mkono wake katika picha.

Njia ya tatu ndiyo ya ndugu yetu na ya mama mjane. Baada ya uhuru, hasa katikati ya miaka ya 1960 na ile ya 1970, walitokea vijana katika miji ya shaba, wengi wao hawakuingia katika akademia yoyote. Walijifunza kwa kutazama, ao kwa kukaa karibu na mwenzao aliyetangulia. Walikata mifuko ya unga, wakaikaza juu ya mbao, wakapaka rangi ya kwanza, wakachora, kisha wakatoka na picha mikononi kuzunguka katika siti, wakisimama mbele ya baa na milango ya watu. Wanunuzi wao walikuwa wafanyakazi wa migodi na wa reli, makarani, walimu wa shule, watu wenye mshahara mdogo lakini wa hakika. Bei ilikuwa ya kuwafaa watu hao. Kwa mara ya kwanza mchoraji na mnunuzi walikuwa wa mji mmoja, wenye lugha moja na wenye kuogopa mambo yaleyale.

Je, waliuziana nini? Katika miaka ya 1970 Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, waliokuwa wakichunguza mambo haya Lubumbashi, waliwauliza wachoraji na wenye nyumba. Jibu walilolipata ni neno moja la Kiswahili chetu: ukumbusho. Hawakusema kwanza kwamba picha ni nzuri, wala kwamba inafanana na vitu vya kweli. Walisema inakumbusha.

Tuliangalie neno hilo vizuri, kwani lugha yetu ina akili kuliko sisi. Kukumbuka, mtu anaweza peke yake, usiku, kitandani. Kukumbusha, sherti wawe wawili: mmoja anayekumbusha na mwingine anayekumbushwa. Picha ya ukumbusho, basi, si kitu kilichomalizika siku rangi ilipokauka. Inamalizika siku mgeni anapoingia, anapokaa, anapoinua macho na kuuliza, «Hii nini?» Hapo baba mwenye nyumba anaanza: «Mimi nilikuwa mtoto, wakati ule wa Wabelji…» Mtoto anayesikiliza karibu na mlango anajifunza jambo ambalo baba yake asingalimwambia hivihivi. Tazama sasa kazi ya picha: inafungua kinywa cha mtu.

Tukilishika neno hili, lawama ya ndugu wa pili kwamba mchoraji alirudia picha ileile inabadilika sura. Ni kweli alirudia. Habari inayojulikana na wote sherti iwe na alama zinazojulikana na wote: bendera, kofia, fimbo, mgongo. Mwenye kusimulia habari ya zamani jioni mbele ya moto harudii kwa sababu amekosa akili. Anarudia kwa sababu wasikilizaji wanaijua na wanataka kuona safari hii ataisema namna gani. Hata katika kurudia pana tofauti. Mmoja amemchora Mzungu anatazama, mwingine amemchora amegeuza uso. Mmoja ameweka wanawake waliokuja na chakula cha wafungwa, mwingine ameacha uwanja mtupu. Mwenye jicho anaziona tofauti hizo, na ndani ya tofauti hizo ndimo fundi anapojulikana.

Tena picha hizi zilikuwa na namna zao, na wanunuzi walizijua kama vile sisi tunavyojua sehemu za sala. Palikuwa na kijiji cha zamani chenye minazi na maji. Palikuwa na Msiri, mfalme wa Bayeke, aliyeuawa mwaka 1891. Palikuwa na simba wa Bulaya, palikuwa na Lumumba aliyefungwa kamba, palikuwa na vita vya baada ya uhuru, na palikuwa na kiwanda cha shaba pamoja na bomba lake na kilima chake cheusi. Mtu aliyetundika mbili tatu ukutani alikuwa na kitabu cha habari za inchi, bila kujua kusoma.

Juu ya maandiko, tutaje jambo moja. Chini ya picha nyingi za Colonie belge imeandikwa: 1885–1959. Mwalimu wa historia atasahihisha upesi: tangu 1885 inchi ilikuwa mali ya Léopold II, Ubelji uliipokea mwaka 1908 tu, na uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Ni kweli. Lakini yule aliyelala chini ya fimbo, je, alisikia tofauti katika mgongo wake siku inchi ilipotoka mkononi mwa mfalme na kuingia mkononi mwa serikali? Na mwaka 1959, siku ya tarehe 4 Januari, Léopoldville iliwaka moto wa machafuko, na tangu siku hiyo hofu ilianza kuhama upande. Hatutaki kusema mchoraji aliwaza hivyo. Tunasema tu kwamba tarehe mbaya katika kitabu inaweza kuwa tarehe ya kufikirisha katika picha, kama mtazamaji anakubali kuuliza.

Hapa lakini tuwe waaminifu. Mchoraji yuleyule aliyechora Colonie belge alichora pia Mamba Muntu, na pengine hiyo ndiyo iliyomlisha. Wasomaji wanaijua: mwanamke mwenye nywele ndefu, nusu yake samaki, amekaa kando ya maji, na nyoka karibu naye, tena mara nyingine saa mkononi. Watu husema kwamba anayepata kitu chake, unywele ao kitana, atatokewa na yeye katika ndoto na kupewa utajiri, kwa sharti ashike siri na kutii. Picha hiyo ilikuwa katika nyumba nyingi. Ndugu wa pili atasema: «Mmeona? Soko linaomba ushirikina, na mchoraji anauza ushirikina.»

Tunamjibu hivi. Katika lawama hiyo pana kweli. Colonie belge inamkumbusha mtu jambo lililompata yeye na jirani yake pamoja. Mamba Muntu inamwita kando, peke yake, na kumnong'oneza. Ile inafungua kinywa, hii inafunga, kwa kuwa siri ndiyo sharti lake. Kwa hiyo hatuziweki katika kipimo kimoja, hata kama zilitoka katika rangi moja na mkono mmoja. Lakini tusikimbilie kuitupa. Katika miaka ile watu waliona wachache wakitajirika bila mtu kujua kazi yao ni nini, na wengine waliofanya kazi kila siku wakibaki walivyokuwa. Picha inasema wazi: utajiri wa namna hii hautoki katika kazi, unatoka mahali pengine, na bei yake ni kunyamaza. Wengi waliitundika kwa tamaa, bila shaka. Walakini anayeisoma leo anaona ndani yake hukumu juu ya utajiri, hata kama aliyeinunua aliona ahadi tu. Mhakiki hana ruhusa ya kuona moja na kuficha nyingine.

Sasa tumfikie mtu ambaye bila yeye maneno haya yangebaki nusu. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa Elisabethville mwaka 1947. Alikuwa mmoja wa wale wachoraji wa kutembeza. Alichora Colonie belge kama wengine, akaiuza kama wengine, wala hakuona aibu. Lakini alikuwa na wazo lililozidi ukuta wa nyumba moja: kuchora historia yote ya inchi, tangu zamani mpaka siku zake na hata siku zijazo. Alijihesabu kuwa mwanahistoria. Wazo hilo alikuwa nalo, lakini hakupata mnunuzi wake. Ni nani katika siti atakayenunua picha mia moja? Mfanyakazi ana ukuta mmoja na watoto saba.

Mnunuzi alikuja mwaka 1973. Fabian, tuliyemtaja, alikuwa mwalimu katika universite ya Lubumbashi. Tshibumba akafika mlangoni kwake na picha zake, yaani alizitembeza. Wakapatana. Katika miezi iliyofuata, mpaka mwaka 1974, mchoraji alileta picha kundi kwa kundi, na kila mara waliketi, akazieleza kwa Kiswahili cha Katanga, na maneno yakashikwa kwa mashini. Kitabu kilichotokea mwaka 1996 kina picha 101 pamoja na masimulizi yake.

Hapa hoja yetu wenyewe inagongwa, na tukubali pigo. Tulisema mnunuzi wa mbali anaharibu. Lakini kazi kubwa kuliko zote za mchoro huu ililipwa na mgeni, na sehemu kubwa ya picha hizo leo inakaa Amsterdam. Je, tumekosea? Tunazani hapana, kwa sababu moja. Mgeni huyu hakununua kitambaa tu. Alinunua na maneno. Aliuliza, «Hii nini?» kama mgeni wa kweli katika chumba cha kweli, tena kwa lugha ya mwenyeji, na akangoja jibu. Kazi ya ukumbusho ilifanyika. Wala picha zisingaliweza kuchorwa kama miaka ya kuuza mlango kwa mlango isingalimfundisha Tshibumba ni alama zipi zinazowafikirisha watu.

Tazameni picha yake ya kifo cha Lumumba. Wafu watatu wamelala, Lumumba pamoja na Mpolo na Okito. Nyuma yao, mbali, misalaba mitatu. Damu inatoka ubavuni mwa Lumumba na kuandika chini neno la Kifaransa: unité. Sisi tunaosoma Injili kila siku hatuhitaji kuelezwa misalaba mitatu na ubavu ni nini. Wengine kati yetu wanashtuka, wanasema mtu wa siasa asiwekwe mahali pa Bwana. Mshtuko huo una haki yake, na tunauheshimu. Lakini tuangalie mchoraji alilofanya: alitafuta alama ambayo mfanyakazi wa mgodi, aliyesikia habari ya Ijumaa Kuu kila mwaka tangu utoto wake, angeielewa mara moja. Hakuipata katika akademia. Aliipata katika yale ambayo watu walikuwa nayo tayari. Hiyo ndiyo elimu ya soko. Mwenye kuzungukia milango mia anajua mioyo ya watu mia.

Kisha mlango ulifungwa. Bei ya shaba ilianguka katika miaka ya 1974 na 1975. Amri za Novemba 1973, zilizotoa maduka na mashamba ya wageni na kuyapa wengine, zilivuruga biashara. Mshahara wa mfanyakazi ukaliwa na bei za vitu. Mtu anayetafuta unga hanunui picha iliyochorwa juu ya mfuko wa unga. Wachoraji waliacha mmoja mmoja. Tshibumba mwenyewe, tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakujulikana tena alipo. Tushike jambo hili, ndugu wasomaji: sanaa hii haikuuawa na biashara. Iliuawa na kufa kwa biashara, yaani kufa kwa mnunuzi mdogo.

Huko Kinshasa mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Chéri Samba, aliyezaliwa mwaka 1956, alianza mwaka 1972 kwa kuchora mabango ya maduka. Picha zake aliziweka inje ya atelie, njiani, na kwa kuwa wapita njia walitazama na kuondoka, akaanza kuandika maneno ndani ya picha, kusudi mtu asimame asome. Ni hila ya mchuuzi, na ni hila njema. Mwaka 1989 aliitwa Paris katika maonyesho yaliyoitwa Magiciens de la terre, na tangu hapo picha zake zinauzwa kwa bei ambayo mwenye kuuza mkaa katika njia yake hawezi hata kuihesabu. Mwaka 2015, Paris tena, maonyesho ya Beauté Congo katika Fondation Cartier yalikusanya karibu miaka 90 ya kazi za Kongo, kuanzia 1926, yaani kuanzia Lubaki wa Bukama. Tunafurahi kwamba watu wetu wamepewa heshima hiyo. Lakini tunaona duara: karatasi za Lubaki zilisafiri mbali, na vitambaa vya leo vinasafiri mbali. Jumba la maonyesho linalinda rangi isififie. Haliwezi kulinda yale ambayo baba alimwambia mtoto karibu na mlango.

Basi turudi kwa mezali ya ndugu wa pili. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: ni maneno ya mtu anayenunua akiwa amekaa dukani kwake. Katika siti ya Lubumbashi kizuri kilijitembeza, kwa sababu waliokihitaji hawakuwa na njia ya kukifuata. Tusiulize tena kama picha iliuzwa. Tuulize iliuzwa kwa nani, na kama mnunuzi aliipa nafasi ya kusema. Kipimo hiki kitaikataa picha ya akademia isiyosema na mtu, na kitaikataa pia picha ya soko inayouza tamaa tu. Na zote mbili kinaweza kuzikubali, zikikumbusha.

Lakini tuna deni. Ndugu yetu alituambia kwamba yule mama mjane hakumwuliza kwanza atampa feza ngapi. Alimwuliza: «Mtaitundika wapi?» Naye ndugu yetu, katika haraka ya safari, hakumwuliza mume wake alisema nini juu ya picha hiyo, jioni, mbele ya wageni. Alinunua kitambaa, akaacha maneno. Tusimcheke, kwani sisi wote tungefanya hivyo.

Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wetu jambo moja, hasa wale watakaokwenda nyumbani likizo ijayo katika miji ya shaba. Kama ukutani mwa mjomba, mwa nyanya ao mwa jirani kungali picha ya namna hii, msiulize bei. Kaeni chini, inueni macho, ulizeni, «Hii nini?», na andikeni jibu kama lilivyosemwa, kwa Kiswahili kilekile, bila kulisahihisha. Wazee wanaokumbuka wanapungua kila mwaka.

Ndugu yetu naye amekubali kurudi kwa mama yule kabla ya Noeli. Picha ingali chini ya dirisha. Tutaitundika siku atakapoleta maneno yake.